Breki Zinazotetemeka: Namna ya Kutafuta Asili ya Ugonjwa Wake

Gari zima, dereva wake akanyagapo breki, hupunguza mwendo kwa utulivu. Halitikisiki, halivuti upande, wala halitoi mlio. Lakini yako magari mengi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Makongeni na Kaloleni mpaka Umoja, Kayole na Dandora, ambayo hayafanyi hivyo. Dereva anashuka na Barabara ya Jogoo, anaona magari ya mbele yamesimama, anakanyaga breki, na mara usukani unatetemeka mikononi mwake, au kanyagio linampiga-piga unyayo kana kwamba yuko mtu upande wa pili analisukuma na kuliachia. Gari husimama, hata hivyo. Na kwa kuwa linasimama, mwenyewe hujiambia kwamba ataliangalia mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ukifika, jambo linalotokea ni lile lile kila mara. Fundi huzunguka na gari hatua chache, kisha husema, "Mzee, diski zimepinda kwa moto. Hapa ni kununua mpya." Mzee huenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wazima wangali wanaiita Grogan, hununua diski mbili na pedi zake, nazo hufungwa siku hiyo hiyo. Gari hutembea vizuri sana. Baada ya miezi mitatu au minne tetemeko hurudi kama lilivyokuwa, na hapo mwenye gari husema ameuziwa vitu bandia, au fundi ni mwongo. Yamkini mambo yote mawili si kweli. Vitu vilikuwa vizuri na fundi alikuwa mwaminifu, bali asili ya ugonjwa haikutafutwa, na ilibaki pale pale ilipokuwa, nyuma ya diski mpya.

Fedha iliyokwisha kutolewa mara ya kwanza haina budi kutolewa tena, nayo ni fedha ambayo katika nyumba nyingi ingalikuwa karo ya mtoto. Na katika miezi hiyo yote gari hilo linapita kati ya watoto wanaocheza mpira katika vichochoro vya Buruburu, na kati ya abiria wanaoruka kutoka kwenye matatu kabla hazijasimama. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, ingawa si fundi, ajue namna ya kulitambua gurudumu lenye ugonjwa na sababu yake kabla hajanunua kitu chochote.

KAZI KUBWA YA BREKI

Watu husema breki hulishika gari. Kwa kweli kazi yake ni kuugeuza mwendo uwe joto. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,100, likienda kilomita 80 kwa saa, lina nguvu ya mwendo ya kama kilojuli 270. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya robo tatu ya lita ya maji baridi, nalo huingia katika breki kwa muda wa sekunde chache tu. Mwendo ukiwa nusu, yaani kilomita 40, joto haliwi nusu bali robo. Hii ndiyo sababu gari lisilotetemeka kabisa katika foleni ya Donholm huanza kutetemeka vibaya likitoka nje ya mji.

Kushuka mlima ni vigumu zaidi. Gari la uzito huo, kwa kila meta 100 linazoteremka, huzipa breki joto kama la kusimama mara nne kutoka mwendo wa kilomita 80, kasoro lile linalomezwa na injini na upepo. Wakazi wengi wa Eastlands huendesha magari yao kwenda makwao wakati wa sikukuu, na wale waendao Narok au Naivasha kwa njia ya chini hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940. Dereva anayeshuka pale kwa gia kubwa, mguu ukikaa juu ya breki njia nzima, hufika chini breki zikiwa zinanuka. Kisha husimama anunue mahindi ya kuchoma, akalishika kanyagio kwa nguvu, au akavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Hapo ndipo madhara yanapoanza. Vumbi laini la pedi zenye moto hushikamana na diski mahali pamoja na kuacha alama; na dramu za nyuma, zikipoa huku zimebanwa, huweza kupoteza umbo lao la mviringo.

Mlima kama huo hushukwa kwa gia ndogo. Breki hukanyagwa kwa nguvu kidogo kisha ikaachiliwa ipate kupumua. Akifika chini, dereva angeendelea mwendo wa polepole kilomita moja au mbili ndipo asimame, tena mahali palipo sawa, gari likiwa katika gia na kipande cha mti nyuma ya gurudumu, pasipo breki ya mkono mpaka vyuma vipoe.

JE, DISKI HUPINDA?

Neno la mafundi kwamba diski imepinda kwa moto lina ukweli kidogo, lakini aghalabu sivyo mambo yalivyo. Diski ni chuma cha kumimina, kinene, na si rahisi kipinde kama mfuniko wa sufuria. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba diski imekuwa nyembamba mahali fulani na nene mahali pengine. Pedi mbili zinaibana diski pande zote mbili. Sehemu nene ikipita kati yake, pedi husukumwa nje, pistoni hurudi nyuma, mafuta ya breki husukumwa, na kanyagio hupanda. Sehemu nyembamba ikipita, kanyagio hushuka. Gari dogo likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara tisa kwa kila sekunde moja. Basi unyayo wa dereva hupigwa mara tisa kwa sekunde, au zaidi ikiwa diski ina sehemu nene zaidi ya moja. Mwendo ukipungua, mapigo nayo hupungua, na karibu na kusimama mtu anaweza kuyahesabu.

Tofauti ya unene inayotosha kuhisiwa mguuni ni ndogo ajabu: sehemu moja au mbili tu za mia za milimita. Jicho haliioni, wala kidole hakiigundui. Fundi anayetazama diski akasema "hii ni nzuri" au "hii ni mbaya" bila kipimo, anabahatisha.

Tofauti hiyo ya unene hutokana, mara nyingi sana, na diski kutokaa wima sawasawa juu ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Diski iliyofungwa upande hata kwa unene wa unywele huyumba kila izungukapo. Dereva hajakanyaga breki, lakini upande uliojitokeza unaigusa pedi kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, maelfu kwa maelfu. Sehemu ile huliwa polepole. Mwanzoni dereva hahisi lolote. Baada ya kilomita elfu kadhaa tofauti ya unene imekwisha kufika kiasi cha kuhisiwa, na tetemeko huanza. Kwa hiyo diski mpya iliyofungwa juu ya kitovu chenye kutu itaanza maisha yake ikiwa nzuri na kuyamaliza kabla ya wakati. Huyo ndiye adui aliyemrudia yule mzee baada ya miezi mitatu.

Kutu haikosekani katika magari ya zamani. Toyota Corolla au Nissan Sunny ya miaka ya 1990, iliyoingia Mombasa kutoka Japani ikiwa imetumika miaka saba, sasa imekwisha kupita katika mvua za masika na vuli za Nairobi zaidi ya miaka ishirini. Tena magari mengi ya mitaani hukaa yameegeshwa toka Jumatatu mpaka Ijumaa, maana petroli ni ghali na mwenyewe huenda kazini kwa matatu. Diski zilizolowa huota kutu, isipokuwa mahali palipofunikwa na pedi. Baadaye sehemu ile husuguliwa tofauti na nyingine. Alama yake huonekana wazi, nayo ina umbo la pedi yenyewe.

Sababu ya pili iko mikononi mwa mtu wa pancha. Yeye hana ubaya, anataka gurudumu lisichomoke. Lakini huchukua spana ya gurudumu, huivisha bomba refu, kisha huikanyaga kwa uzito wake wote, na hukaza nati moja mpaka mwisho kabla hajagusa ya pili. Kwa Corolla nyingi za miaka hiyo, kipimo cha kukaza nati za magurudumu ni newton-meta 103. Maana yake, kwa spana yenye urefu wa sentimita 35, ni kusukuma kwa nguvu ya kilo 30 hivi. Mtu wa kilo 75 akisimama mwishoni mwa bomba la meta moja huzidisha kipimo hicho mara saba. Nati zilizokazwa hivyo, moja sana na nyingine kidogo, huvuta rimu na diski upande, na baada ya hapo diski huyumba kama iliyofungwa juu ya kutu.

UCHUNGUZI WA NDANI YA GARI

Kabla ya kufungua nati hata moja, dereva anaweza kujua mengi akiwa ameketi kitini. Kinachohitajika ni barabara pana isiyo na watu. Barabara za Industrial Area, ambazo siku za kazi hujaa malori, asubuhi ya Jumapili huwa tupu, nazo ziko karibu. Mtu mwingine mzima akiwamo ndani ya gari ni vizuri zaidi, ili mmoja aangalie njia ya nyuma.

Jambo la kwanza ni kujua kama gari hutetemeka bila breki. Likiwa katika mwendo wa kilomita 80 au zaidi, mahali panaporuhusiwa, mguu usiguse breki. Kama usukani unatikisika hata hivyo, ugonjwa hauko katika breki. Matairi hayakusawazishwa uzito, au rimu imepindwa na mashimo ya barabara, au tairi limevimba ndani. Wenye magari wamenunua diski kwa ajili ya tetemeko ambalo lingalikwisha kwa kipande cha risasi cha gramu 20 kilichopigwa kwenye rimu.

Kama gari limetulia, na tetemeko huja tu mguu ugusapo breki, basi asikilize linapoonekana. Tetemeko la usukani hutoka mbele. Tetemeko la kiti na sakafu, usukani ukiwa umetulia, hutoka nyuma. Kanyagio likipiga pamoja na usukani, diski za mbele ndizo za kushukiwa kwanza. Kanyagio likipiga na usukani usitikisike, dramu za nyuma zitazamwe, maana dramu iliyopoteza mviringo husukuma mafuta ya breki kama vile diski isiyo sawa.

Kwa kuthibitisha habari za nyuma kuna jaribio moja zuri. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 30, njia ikiwa tupu mbele na nyuma, dereva aminye kitufe cha breki ya mkono asikiachie, kisha avute kidogo kidogo. Katika magari madogo mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Tetemeko likija, dramu zina kasoro. Lisipokuja, na breki ya mguu inatetemesha, ugonjwa uko mbele. Kitufe kisiachiliwe hata kidogo, na jaribio hili lisifanywe penye mvua wala changarawe, kwa sababu magurudumu ya nyuma yakikwama gari hugeuka. Magari machache yaliyo na diski nyuma yana dramu ndogo ya peke yake kwa breki ya mkono. Kwa hayo jaribio hili halisemi lolote juu ya diski.

Yako pia mapigo ambayo si ugonjwa. Gari lenye breki za ABS, likikanyagwa kwa ghafula kwenye matope au changarawe, hutoa mlio wa kukwaruza na kanyagio hutetemeka upesi sana chini ya mguu. Ni mtambo unafanya kazi yake ya kuzuia magurudumu yasikwame, na dereva asiinue mguu. Lakini mapigo hayo yakija kwenye lami kavu, gari likikaribia kusimama kwa upole, basi kifaa kinachosoma mzunguko wa gurudumu kimechafuka au pete yake imepasuka, na mtambo unadanganywa. Hapo kubadili diski ni kutupa fedha.

Mwisho wa safari hiyo dereva ashuke, apeleke kiganja karibu na kila rimu bila kugusa chuma. Magurudumu mawili ya mbele yatoe joto lililo sawasawa. Moja likiwa na moto kuliko mwenziwe, breki yake haiachii. Yumkini pini za kalipa zimekwama kwa kutu na vumbi baada ya mipira yake kupasuka, au mpira wa kupitishia mafuta umevimba ndani ukakataa kuyarudisha. Ugonjwa huu huharibu diski upesi kuliko mlima wowote, nao usipoondolewa kwanza, diski mpya itaungua kama ile ya zamani.

KULIINUA GARI

Kazi ya chini ya gari imewaua watu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuegemeza. Mawe ya kujengea hupasuka ghafula, na matofali zaidi. Gari likishainuliwa liwekwe juu ya stendi za chuma, mahali pa sakafu ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vipande vya miti. Asiyekuwa na stendi asiingize hata mkono, bali ampelekee fundi aliye nazo.

Gurudumu likiwa hewani, lishikwe juu na chini kisha litikiswe. Likicheza, beringi imekwisha au bol-jointi imelegea. Lishikwe kushoto na kulia. Likicheza hivyo tu, ncha za fimbo za usukani zimelegea. Mambo haya hayaleti mapigo ya breki yenyewe, lakini huyakuza. Kasoro ndogo ya diski, ambayo katika gari jipya isingehisiwa, katika gari lenye bushi zilizopasuka na shoki zilizokufa hutikisa usukani wote. Ndiyo maana wawili wenye diski za namna moja hupata matatizo tofauti. Naye mwenye gari la zamani aelewe kwamba huenda akahitaji kutengeneza bushi kabla ya kulaumu breki.

Kisha gurudumu litolewe, nati zirudishwe na kukazwa juu ya diski pamoja na vipande vya pete ili iketi kama ilivyoketi, na diski izungushwe kwa mkono huku mtu akitazama kipimo. Kipimo cha saa, chenye mshale, hufungwa kwenye mguu wa shoki na ncha yake hugusa diski karibu na ukingo. Kwa magari madogo mengi watengenezaji huweka mpaka wa kuyumba kati ya milimita 0.05 na 0.10. Katika gereji ndogo zisizo na chombo hicho, fundi mwerevu hufunga waya mgumu mahali pasipotikisika, ncha yake ikikaribia diski, kisha huipima nafasi iliyobaki kwa bamba jembamba la kupimia anapoizungusha. Si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko macho. Unene nao hupimwa kwa maikromita mahali nane kuizunguka diski. Diski nyingi huandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwenye ukingo au kwenye kofia yake ya katikati; iliyopungua chini ya hapo ni ya chuma chakavu, hata kama inang'aa.

Diski ikionekana inayumba, isihukumiwe bado. Itolewe, na uso wa kitovu usuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe kionekane, hasa kuizunguka mizizi ya skrubu ambako kutu hujificha. Uso wa ndani wa diski usuguliwe vivyo hivyo. Chembe ya kutu iliyonaswa pale katikati, hitilafu yake hukua karibu mara mbili ifikapo ukingoni. Diski irudishwe, ipimwe tena. Kama bado inayumba, itolewe igeuzwe tundu moja mbele, ipimwe mara ya tatu, maana pengine kasoro ndogo ya kitovu na kasoro ndogo ya diski hukutana na kufutana. Wengi wameona kuyumba kukiisha kabisa kwa kazi hii ya nusu saa, ambayo gharama yake ni msasa. Ikiyumba vile vile kila mahali, kitovu au beringi ndicho kibaya.

KUTENGENEZA NA KUFUNGA

Diski iliyoliwa upande, lakini ingali nene kuliko mpaka wake, yaweza kukerezwa. Wako mafundi wenye mashine za kukereza chuma katika Kariobangi Light Industries na mahali pengine, nao huifanya kazi hii kila siku. Diski ya kushoto na ya kulia hukerezwa pamoja, pande zote mbili za kila moja, na baada ya kukerezwa zipimwe mbele ya mwenyewe. Ikiwa unene utakaobaki unakaribia mpaka, ni afadhali kununua mpya kuliko kulipia kazi itakayodumu miezi miwili. Dramu nazo hukerezwa, na kipenyo chake cha mwisho huwa kimeandikwa juu yake.

Pedi zinunuliwe pamoja na diski, kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja, wala isibadilishwe ya upande mmoja peke yake. Pedi za bei ya chini sana, zisizo na alama ya mtengenezaji wala namba, zimefika katika maduka ya vipuri kama zilivyofika katika kila mji. Baadhi ni ngumu kama jiwe, nazo huikwaruza diski. Nyingine huachia unga unaoshikamana na diski zikipata moto, na mapigo huanza bila diski kuwa na kosa. Mnunuzi atake risiti yenye jina la duka. Muuzaji mwema haoni ugumu kuitoa.

Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki, si grisi yoyote iliyo karibu, kwa sababu grisi ya kawaida huyeyuka na kuvimbisha mipira. Pedi ya ndani na ya nje zilizotolewa zilinganishwe: ikiwa moja imekwisha na nyingine ni nene, kalipa haikuwa ikiteleza.

Nati hukazwa kwa zamu ya kupishana. Kwenye gurudumu la nati nne, ya juu hufuatwa na ya chini, ya kushoto hufuatwa na ya kulia. Kwanza kidogo zote, kisha nusu ya nguvu zote, kisha kipimo kamili. Spana ya kipimo ni chombo kizuri, na majirani watatu au wanne wa ua mmoja wangeweza kukinunua kwa shirika. Mtu wa pancha naye aambiwe kwa adabu, "Ndugu yangu, niachie nikaze mwenyewe."

Wako pia wale vijana wa kuosha magari, ambao hufanya kazi njema, lakini maji baridi ya bomba yasipigwe kwenye magurudumu ya gari lililofika sasa hivi. Linywewe chai kwanza, vyuma vipoe. Baada ya kuoshwa, gari liendeshwe mita mia chache kwa kugusa breki mara mbili tatu, zikauke kabla ya kuegeshwa usiku kucha.

Diski na pedi mpya hazipatani siku ya kwanza. Yafaa dereva achague njia isiyo na msongamano, aende kilomita 50 kwa saa, apunguze kwa nguvu ya wastani mpaka 10 bila kusimama kabisa, kisha aendelee kama nusu kilomita zipoe, arudie. Mara nane au kumi zatosha. Jambo la kukumbuka ni kutosimama na kulishika kanyagio wakati zina moto, kwa maana alama ya pedi itakayochorwa siku hiyo itamsumbua kwa miezi. Kwa juma moja la kwanza ajiepushe na kukanyaga kwa ghafula, isipokuwa penye hatari.

Ziko dalili ambazo hazingoji majaribio haya. Kanyagio likizama mpaka sakafuni, au gari likivuta upande kwa nguvu, au chuma kikisaga chuma, au diski ikionekana ina ufa, au gurudumu likicheza mkononi, gari hilo lisiendeshwe hata mpaka gereji iliyo mtaa wa pili. Fundi na aitwe lilipo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe na breki zilizo katika hali njema, na polisi hatamsikiliza mtu anayesema alikuwa njiani kwenda kutengeneza.

Gari likiisha kutengenezwa, na likatembea kilomita 100 hivi, nati za magurudumu hukazwa tena kwa kipimo kile kile, vyuma vikiwa baridi. Tarehe na kilomita za siku hiyo ziandikwe katika daftari linalokaa ndani ya gari, pamoja na jina la duka na unene wa diski uliopimwa. Tetemeko likirudi siku nyingine, fundi atakayeliona daftari lile atajua pa kuanzia.